Kaseti ya mjomba: nilipofikia mpaka leo

Jamani imelia! Wiki ya tatu nahangaika na hii kaseti, jana usiku saa nne ndo nikasikia gitaa, nikakaa kitako chini hapa Jang'ombe, Unguja, mpaka upande ukamalizika.

Kwa wageni, mjomba wangu alikuwa baharia, na kwenye sanduku lake la bati tulikuta kaseti ya dakika 60 kaiandika kwa peni "J. Thunders laivu London". Huyo ni Johnny Thunders, mpiga gitaa wa pank, ile roki ya fujo, wa New York, alikuwa bendi ya New York Dolls, 1975 akatoka akaunda bendi ya Heartbreakers, mwisho wa 1976 wakenda Uingereza wakazunguka na bendi ya Sex Pistols. Kafariki 1991 New Orleans, miaka 38 tu. Gitaa lake Gibson Les Paul Junior, na anavyolipiga ni kama mtu anakata bati kwa msumeno halafu ghafla anaimba nalo.

Hali ya kaseti ilikuwa mbaya, unyevu wa huku mnaujua. Ukungu mweupe pembeni mwa tepu, kile kisponji kinachoisukuma tepu kwenye hedi (kile kidude cha deki kinachoisoma tepu) kimebanduka. Nikaifungua nikahamishia tepu kwenye ganda la kaseti nyengine, nikaizungusha na penseli taratibu huku naipangusa na kitambaa kikavu, maana ina upana wa milimita 3.81 tu na ukiivuta kwa pupa inarefuka, basi tena. Deki nalo mkanda wa mpira umeyeyuka umekuwa kama lami, nikapata mwengine kwa fundi Mlandege.

Bado sauti ikawa kama inatoka mtungini. Kumbe hedi imekaa upande! Kuna skrubu ndogo pembeni yake, nikaigusa na bisibisi chini ya robo mzunguko, hapo hapo matoazi yakafunguka na watu ukawasikia wanapiga kelele karibu kabisa na maiki.

Sasa dakika ya 22 gitaa linakatika, klak, anakuja marehemu bibi: "Mwanangu njoo ule, wali unapoa!" Sekunde kumi na moja, halafu tamasha linarudi katikati ya wimbo. Mjomba hakuvunja kile kipande cha juu kinachozuia kurekodi, mtu kabonyeza kitufe cha kurekodi kimakosa. Rafiki yangu anasema nikate pale niunganishe. Sikati. Bibi hatuna sauti yake pengine popote.

Nimehifadhi kwenye kompyuta kwa faili la sauti la WAV, biti 24, kelele za tepu nimezipunguza kidogo tu, nikizidisha gitaa linakufa.

Leo asubuhi nikampigia mjomba huko Wete, Pemba, nikaweka simu kwenye spika. Akanyamaza kimya mpaka nikadhani imekatika. Akasema, "Mwanangu, hebu rudisha hapo kwa bibi yako."

Upande B bado sijaugusa. Ijumaa nakwenda Pemba na flashi.