Chembe za Plastiki Zilizokwama Malaba
Mwaka 2020, madereva wa malori walipokuwa wakingoja majibu ya vipimo vya korona Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, karakana yetu ndogo ya chupa za dawa hapa Kampala iliishiwa chembe za plastiki tunazoyeyusha kutengenezea chupa, kwani mzigo wetu ulikwama huko. Mashine zilikuwa nzima na mafundi walikuwapo, lakini kazi iliyobaki ilikuwa kufagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa. Tangu hapo sitegemei njia moja. Mzigo mwingi bado hupitia Mombasa, ila sehemu yake huishusha Dar es Salaam, ikaenda Mwanza na kuvuka Ziwa Victoria hadi Port Bell, bandari ya hapa Kampala, ingawa makaratasi yake, kusema kweli, yanachosha. Ghalani naweka akiba ya miezi mitatu. Mhasibu bado amenuna.