Nilivyojifunza kutofautisha laga nyeusi za Kijerumani nikiwa nimefumba macho

Mezani palikuwa na chupa sita za laga, yaani bia inayochachushwa na kutulia kwenye baridi: Dunkel mbili, Schwarzbier mbili na Doppelbock mbili, zote za watengenezaji wadogo wanaofuata mitindo ya Kijerumani. Nilitaka kujua kama tofauti zinazosemwa zipo mdomoni kweli au zinaishia kwenye lebo. Nikazitoa kwenye friji, nikamimina, nikaonja moja baada ya nyingine. Usiku ule daftari langu lilijaa neno "nzito" mbele ya kila jina, na kwenye zile mbili nyeusi zaidi nikaongeza "kahawa". Nililala nimekasirika, maana nilijua bia zile zimepikwa na watu waliojali kazi yao, na mimi nimeshindwa kuzisikia.

Sehemu ya tatizo ilikuwa baridi. Bia ikiwa baridi sana hufunga harufu yake, na laga nyeusi bila harufu imebaki nusu. Nilipoiacha glasi ipande hadi nyuzi 8 au 10 za Selsiasi, kimea kilianza kunukia. Tena nilikuwa nimeanza na Doppelbock. Hiyo ina kilevi cha asilimia 7 na kwenda juu, na unene wake hukaa kwenye ulimi kwa muda mrefu. Chochote utakachoonja baada yake kitaonekana kama maji. Mtindo wenyewe umetokana na watawa wa Paulaner mjini Munich, na kwa kufuata bia yao, Salvator, watengenezaji wengi huzipa Doppelbock zao majina yanayoishia na "ator". Siku hizi nikiona mwisho huo kwenye lebo, chupa inakwenda mwisho wa foleni.

Lakini kikwazo kikubwa kilikuwa macho yangu. Shemeji yangu ndiye aliyeliona hilo. Alikuwa amekaa pembeni akinitazama ninavyoinua glasi kwenye taa kabla ya kila funda.

"Shemeji, wewe unaonja rangi," akasema. "Ukiona nyeusi unaandika kahawa kabla hujameza."

Alikuwa sahihi. Nikajifunga kitambaa machoni, naye akanipa glasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na harufu ya ganda la mkate lililotoka kwenye tanuri sasa hivi, kisha karameli kidogo, na ilijaza mdomo. Ya pili ilikuwa nyepesi, kavu, imepita kooni safi, na kwa nyuma kabisa ikaacha chokoleti chungu, kidogo tu. Nikasema kwa uhakika kwamba ile iliyojaa ndiyo Schwarzbier. Nikafungua macho: iliyojaa ilikuwa Dunkel, ya rangi ya kahawia yenye wekundu. Ile nyepesi ndiyo ilikuwa nyeusi.

Hapo ndipo nilipoielewa mitindo hii miwili. Dunkel ya Munich hupata rangi na ladha yake kutoka kwa kimea cha Munich, shayiri iliyokaushwa kwa joto kubwa kuliko kimea cha bia za rangi ya dhahabu, na kimea hicho kinaweza kuwa karibu nafaka yote iliyomo. Ndiyo maana ladha ya mkate iko kila mahali, mwanzo hadi mwisho. Schwarzbier ni jambo jingine. Weusi wake unatoka kwenye kiasi kidogo cha kimea kilichochomwa, mara nyingi kilichotolewa maganda ili kisilete ukakasi. Chini ya weusi huo kuna laga ya kawaida, yenye kilevi cha asilimia 5 hivi. Baadaye nilitafuta Köstritzer, Schwarzbier ya jimbo la Thüringen nchini Ujerumani, ambako kiwanda chake kinahesabu miaka yake tangu 1543, nikaifanya kipimo changu. Ukiiweka mbele ya mwanga, pembeni mwa glasi unaona wekundu wa komamanga.

Baada ya hapo tukaanza zoezi la vikombe vitatu. Shemeji anamimina bia moja kwenye vikombe viwili na nyingine kwenye kimoja, mililita 30 kila kikombe, mimi natafuta kilicho tofauti. Raundi sita ni vikombe kumi na nane, jumla kidogo zaidi ya nusu lita, kwa hiyo kichwa kinabaki na akili. Jaribio la kwanza nilipata mbili kati ya sita. Hiyo ndiyo idadi ambayo hata mtu anayebahatisha angetarajia kupata.

Kilichonisaidia zaidi ni kukaa na kikombe. Nakishika kwa viganja vyote, nakifunika kwa mkono, nahesabu hadi ishirini, nanusa mara moja fupi. Kwa njia hiyo niligundua kwamba Dunkel niliyokuwa nimeisifu awali kuwa "laini" ilinukia siagi. Ule haukuwa ulaini wa kimea. Ni diasetili, kitu kinachotokea hamira inapochachusha. Ikipewa muda, hamira yenyewe hukirudia na kukimaliza. Watengenezaji wengi wa laga huongeza joto kidogo kwa siku chache kuelekea mwisho wa uchachushaji ili kazi hiyo ikamilike, kisha ndipo bia inapelekwa kwenye baridi karibu na nyuzi 0 kutulia kwa wiki kadhaa. Anayeharakisha hatua hiyo siagi humbakia kwenye chupa. Nilifuta sifa zangu, nikaandika upya.

Baada ya wiki tano za zoezi moja kila Jumamosi, nilipata tano kati ya sita. Nilipiga hesabu: kwa kubahatisha tu, matokeo kama hayo au bora zaidi huja chini ya mara 2 katika majaribio 100. Shemeji alifurahi kuliko mimi.

Raundi niliyokosa ilikuwa ya Schwarzbier mbili. Yeye anasema moja ina uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, unaobaki pembeni mwa ulimi, nyingine uchungu wake ni wa kimea na unakatika mapema. Mimi bado siusikii. Chupa mbili za kila aina ziko kwenye friji, na Jumamosi nitazitoa mapema zipoteze baridi kwanza.