Nilivyoifuatilia rufaa ya kaka yangu mpaka akaachiwa

Jaji aliposoma adhabu ya kunyongwa hadi kufa, kaka alinitafuta kwa macho. Hapa Tanzania, ukitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji adhabu nyingine ya kuchagua. Nilijua hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1994, lakini hilo halikuniletea usingizi.

Taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutakiwa ndani ya siku 30. Kaka aliijaza gerezani akisaidiwa na askari magereza, ikawahi. Kilichobaki kilikuwa kungoja mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, uchapwe, na kungoja huko kulimzeesha mama yetu.

Ulipotoka, wakili aliyepangwa na mahakama alinipa nakala. Wote ulikuwa Kiingereza, maana kesi ilisikilizwa kabla sheria ya 2021 haijakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Nikakaa na kamusi na kalamu nyekundu, kurasa tatu nne kila usiku. Nilikuwa na swali moja tu: ni nini hasa kiliwaaminisha kwamba ni yeye?

Kumbe ni shahidi mmoja. Panga walilochukua nyumbani kwa kaka halikuwahi kupimwa damu. Mjane wa marehemu alisema watu watatu waliingia usiku, akamtambua kaka kwa mwanga wa kibatari. Kibatari kiliwekwa wapi? Aliwatazama kwa muda gani, akiwa umbali gani? Hakuna aliyemuuliza. Mimi nimekulia kwenye mwanga huo. Mtu akisimama upande wa pili wa chumba unaona kivuli chenye mabega, basi.

Halafu, kwenye maswali ya dodoso, yale ambayo upande wa pili humuuliza shahidi, nikakuta mstari ambao nilikuwa nimeupita mara mbili. Majirani walipofika kwa mayowe, mjane hakumtaja mtu yeyote. Jina la kaka alilitoa polisi siku ya nne, ilhali kaka anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Nilipigia mstari mpaka karatasi ikachanika. Simlaumu mama yule. Alikuwa na msiba, na alitaka kujua nani kamuulia mumewe.

Wakili alisoma, akanyamaza kidogo. "Dada, rufaa iko hapa." Akanieleza uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani, ya 1980: utambuzi wa kuona kwa macho hautegemewi mpaka mahakama iridhike kwamba hakuna uwezekano wa kukosea, na ule wa kesi ya Marwa Wangiti Mwita: kumtaja mtuhumiwa mapema ndiko kunakompa shahidi uzito. Sababu tisa za rufaa alizokuwa ameandaa akazipunguza zikabaki tatu. Nashukuru alifanya hivyo, kwa sababu hoja yenye nguvu ingefunikwa na zile dhaifu.

Siku ya kusikilizwa, mmoja wa majaji watatu alimuuliza wakili wa Serikali, "Ukali wa mwanga uko ukurasa gani?" Akafunua mbele, akarudi nyuma, akafunua tena. Mwishowe akakiri haumo kwenye kumbukumbu.

Hukumu ilisomwa siku chache baadaye: aachiwe huru mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Jioni ile mama aliniuliza mara tatu, "Hawawezi kumkatia rufaa wakamrudisha?" Kila mara nilimjibu vilevile: "Mama, juu ya Mahakama ya Rufani hakuna mahakama nyingine."