Mkono wa kulia haukuwa mrefu: koti langu la suti lilivyokaa sawa

Mwaka 2013 nilianguka na bodaboda nikavunjika mtulinga wa kulia. Mfupa uliunga, maumivu yakaisha, nikasahau. Sikujua kwamba bega lile lilibaki chini kidogo kuliko la kushoto mpaka nilipovaa koti lililoshonwa kwa vipimo vyangu mwenyewe.

Suti ilikuwa ya sendofu ya mdogo wangu wa kike. Kitambaa nilikinunua Dar, mtaa wa Uhuru, bluu ya kiza isiyo na mistari, mita tatu na nusu, nikampelekea fundi mmoja hapa Tanga. Alinipima kifua, kiuno, mabega, mikono na urefu, akaandika namba zake kwenye daftari, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Hakuniita kulijaribu koti likiwa bado limepigwa bandi, yaani limeshikizwa kwa mishono ya muda tu. Niliporudi lilikuwa limekwisha: bitana ndani, vifungo vimekazwa, limepigwa pasi, linaning'inia kwenye henga na linapendeza.

Mwilini likawa koti jingine. Chini ya kwapa la kulia mikunjo ilishuka kimshazari kuelekea ubavuni. Nyuma, chini kidogo ya kola, kitambaa kilijikusanya kikafanya tuta la kukatisha mgongo. Nikifunga kifungo, kilivuta pande zote mbili. Na mkono wa kulia ulifika kwenye kiganja wakati wa kushoto ulikomea pale pale unapotakiwa, kwenye kifundo. Fundi akaniambia, "Kaka, hiyo mikunjo ni ya pasi tu, itaisha. Huo mkono niachie niupunguze nusu inchi, kesho uje uchukue."

Nilikuwa nimeshaanza kulivua nimwachie. Mjomba, ambaye nilikuwa nimefuatana naye, ndiye aliyenizuia. Yeye amevaa suti miaka yote ya utumishi wake, na alinishika mkono akaniambia tuondoke na koti kama lilivyo, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Kesho yake akanipeleka Ngamiani kwa fundi wake, mzee anayeshonea barazani kwake na cherehani ya miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vaa, nikuone."

Hakugusa futi. Alinisimamisha barazani kwenye mwanga, akaniambia nilegeze mikono nitazame mbele, nisijikaze kama ninayepigwa picha. Akanizunguka mara mbili kimya kimya. Kisha akatoa leso yake mfukoni, akaikunja mara nne, akaipitisha ndani ya koti akailaza juu ya bega langu la kulia. Akarudi nyuma hatua moja. Mikunjo ya kwapani ilikuwa imeondoka. Nilitazama chini: mkono wa kulia ulikuwa umepanda, uko sawa na mwenzake. Hata pindo la mbele, ambalo upande wa kulia lilikuwa linaning'inia chini kuliko la kushoto na mimi sikuwa nimeliona, lilikuwa limenyooka.

"Hili bega uliwahi kuumia?" akaniuliza. Nikamweleza habari ya bodaboda.

Naandika haya kwa sababu ya leso ile. Futi inapima upana wa bega, haipimi mteremko wake. Watu wawili wanaweza kuwa na inchi 18 kutoka bega hadi bega, mmoja mabega yake yameinuka na mwingine yameshuka, na koti la huyu lisimkae yule. Hata mtu mmoja anaweza kuwa na mabega mawili tofauti, nami ndiye. Kama mkono ungepunguzwa siku ile, kisha bega likaja kurekebishwa, ningebaki na mkono mfupi usioweza kurudishwa.

Kwa hiyo kazi ilianza begani. Mzee alifumua bitana kidogo upande wa kulia, akaongeza pedi nyembamba juu ya ile iliyokuwemo, akaipiga bandi, akanivalisha tena kabla ya kushona. Halafu akaenda kwenye kola. Lile tuta la nyuma alilibana kwa pini tatu zilizolala, akanionyesha kwamba kitambaa kilichozidi pale ni kama nusu inchi. Kitambaa kile, alisema, kimesukumwa juu na mgongo kwa kuwa shingo ya nyuma ya koti ilikatwa juu mno, na pasi haiwezi kuondoa kitambaa. Akaitoa kola yote nyuma, akaishusha shingo, akairudishia kwa mkono. Nilikaa pale barazani karibu saa nzima nikiangalia kola peke yake ikishonwa, na nilielewa kwa nini mafundi wengi hawapendi kuigusa.

Mikono nayo ilikuwa na shida ambayo wala sikuilalamikia. Nikisimama kawaida, mikono yangu huning'inia mbele kidogo, lakini ya koti ilipachikwa kama ya mtu anayesimama wima kabisa, ndiyo maana nyuma ya kiwiko kitambaa kilikuwa kinajikunja. Aliifumua kwenye kwapa akaizungusha mbele kidogo tu. Aliniambia kitambaa kingekuwa cha drafti asingethubutu, maana mistari ya mkono na ya kifua isingeonana tena.

Kifungo ndicho hakikupona kabisa. Kikivuta hivyo maana yake koti linabana kiunoni, na dawa ni kuachia mishono. Fundi wa kwanza alikata ubavuni bila kubakiza akiba ya kutosha, kwa hiyo mzee alipata kidogo kwenye mshono wa katikati ya mgongo, na kilichobaki akakimalizia kwa kusogeza kifungo. Nikisimama koti limetulia. Nikikaa lazima nikifungue. Bahati ilikuwa koti halijavaliwa, kwani lililovaliwa na kufuliwa ukiachia mshono wake, alama ya mshono wa zamani hubaki ikionekana. Urefu wa koti hakuugusa kabisa, ingawa mimi ningependa lipungue inchi moja. Alisema mifuko ingebaki imekaa chini mno na koti lote lingeonekana limekatwa mkia.

Alinitoza elfu 40, na nilivaa koti hilo sendofu nzima tangu saa kumi na mbili jioni hadi usiku wa manane bila kuvuta bega hata mara moja.

Mwaka huu nimempelekea mzee kitambaa kingine, kijivu, ashone mwenyewe tangu mwanzo. Nilipokwenda kujaribu, koti likiwa bado na bandi nyeupe kila mahali, karatasi ya kaki aliyokatia ilikuwa mezani. Alikuwa ameichora vipande viwili tofauti, bega la kushoto peke yake na la kulia peke yake. Juu ya kile cha kulia alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "limeshuka".