Taulo ikipeperuka na kusi, mshahara wangu unakatwaje?

Tangu meneja mpya aingie hotelini kwetu hapa Paje, Zanzibar, shoga zangu wananiuliza naiwezaje kazi. Kazi ngumu naijua. Mie natandika vitanda, na msimu wa Julai na Agosti nimeutumikia miaka mingi. Linaloniumiza roho ni maamuzi ya mtu ambaye hajasimama nasi chumbani hata asubuhi moja.

Kwanza alitupangia dakika 20 kwa kila chumba. Alikotoka ni hoteli ya ghorofa, madirisha yamefungwa, kipupwe ndani. Kwetu ni vibanda vya makuti ufukweni. Kusi likivuma, mchanga unapita chini ya mlango na kujaa kwenye mikunjo ya chandarua. Wageni wa kaiti, wale wanaoteleza baharini kwa tiara, ndio zaidi, maana wanarudi wameroa na kutandaza vitu vyao juu ya kitanda. Chandarua lazima ukivue, ukakikung'ute nje, urudi ukifunge upya kwenye nguzo zote nne. Ukikikung'utia ndani, mchanga wote unamwagikia shuka ulizotandika sasa hivi. Hapo dakika kumi zimekwenda na choo hujakigusa.

Kisha akaondoa gari ya wafanyakazi. Shifti inaanza saa moja asubuhi, na daladala ya 309 kutoka mjini inashusha Tunguu, inashusha Jozani, inashusha Kitogani, ndiyo ifike Paje. Nauli mfukoni mwetu. Wenzetu wa Jambiani na Bwejuu wanakuja kwa baskeli, jambo hili halikuwagusa, na hapo ndipo tulipoanza kununiana. Mie hilo liliniuma kuliko nauli.

Likaja la taulo. Taulo ya pwani ikipotea, aliyesafisha chumba hicho anakatwa mshahara. Mgeni kaiacha kitandani pwani, upepo umeichukua, anayelipa ni mimi! Mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto skuli, alikatwa mwezi wa mwanzo akanyamaza. Alipoona kapungukiwa tena alikaa chumba cha shuka akalia.

Usiku ule nikautoa mkataba wangu nikausoma mstari kwa mstari, mwanangu akinisaidia. Nakushauri nawe uusome wako kabla hujapandisha sauti. Kupanga zamu na kugawa vyumba ni mamlaka yake, hata akipanga vibaya; hayo ni ya kuomba na kueleza. Lakini kukatwa kwa kitu kilichopotea hakukuandikwa popote, na sikutia saini kukubali.

Tukaanzisha daftari. Kila asubuhi tunaandika tarehe, chumba, taulo zilizotoka na zilizorudi. Wa Jambiani na Bwejuu nao wakaandika, kwa sababu taulo inamkata kila mtu. Daftari likatuonesha kitu ambacho hatukukitegemea: taulo nyingi "zilizopotea" zilikuwa kwa dobi. Hesabu ilikuwa ikifanywa alasiri, wakati nyengine bado ziko kwenye kamba zinakauka.

Tukaenda ofisini kwake wanne pamoja, maana ukienda peke yako unaitwa mkorofi. Tulimsalimia vizuri, tukamuwekea daftari mezani. Nilimwambia, "Bosi, tunaomba tuhesabu pamoja na dobi, asubuhi, zikishakauka." Nikamueleza pia kwamba Zanzibar ina Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005, na kwamba Kamisheni ya Kazi inapokea malalamiko ya wafanyakazi, lakini sisi tungependa tuyamalize humu humu. Sauti ilinitetemeka, ila niliyasema yote. Alilifungua daftari ukurasa baada ya ukurasa, akaagiza dobi aitwe.

Makato ya taulo yamesimama. Hesabu sasa inafanywa asubuhi, dobi na mmoja wetu. Dakika 20 bado zipo, na nimemuomba aje siku ya upepo akivue chandarua kimoja mwenyewe, amesema atakuja. Gari hajaijibu. Na pesa walizokatwa wenzetu hazijarudi, kwa hivyo tumeandika barua, majina na kiasi cha kila mmoja, jina la yule mjane juu kabisa. Nakala moja tumebaki nayo. Mshahara ujao ukitoka bila ya pesa hizo, barua hiyo tutaipeleka Kamisheni, na nauli ya kwenda mjini tumeshaichanga, wa baskeli na wa daladala.