Gesi Inavyoukata Utamu

Soda iliyolala wazi usiku kucha haijapungukiwa na sukari hata chembe, wala rangi yake haijabadilika, lakini ukiionja asubuhi unakuta kitu kizito kinachokinaisha, mithili ya shira iliyozimuliwa. Kilichotoka ni gesi peke yake. Kwangu mimi hilo latosha kuonyesha kwamba maji ya gesi hayatiwi kwenye kinywaji ili mapovu yapendeze macho. Ni sehemu ya ladha yenyewe.

Gesi hiyo ni hewa ya ukaa, nayo inapoyeyuka majini, sehemu yake ndogo hugeuka asidi ya kaboni, ambayo ni dhaifu lakini yatosha kuyapa maji uchachu. Ulimi nao una kimeng'enya kinachoigeuza gesi hiyo kuwa asidi papo hapo, na neva za mdomoni huipokea kama mchomo. Uchachu na mchomo huo ndio unaoukata utamu, na ndiyo maana soda nyingi hubeba gramu zipatazo 10 za sukari katika kila mililita 100 bila mnywaji kushtuka.

Mwanakemia Joseph Priestley, aliyeyatengeneza maji ya gesi huko Leeds, Uingereza, mwaka 1767 kwa kuyaweka juu ya mapipa ya bia iliyokuwa ikichachuka, hakutia sukari yoyote.

Nyumbani hutengeneza kinywaji cha tangawizi. Mara ya kwanza niliyamimina maji ya gesi juu ya shira iliyotoka jikoni, povu likapanda hadi likamwagika mezani, na kilichobaki kwenye jagi kilikuwa uvuguvugu usio na mchomo wowote, isipokuwa ule wa tangawizi. Kosa lilikuwa la joto: maji yaliyo karibu na nyuzi 0 hushika gesi zaidi ya maradufu ya yale ya nyuzi 25.

Siku hizi hutwanga tangawizi, nikaichemsha na sukari, kisha shira ikalala kwenye friji. Huitia kwanza kwenye glasi, nikaiinamisha glasi na kuyateremsha maji ya gesi polepole ubavuni, halafu nikakoroga mara moja tu. Makapi nayo ni adui, kwa sababu kila chembe inayoelea huwa kiota ambamo mapovu huzaliwa na kutoroka kabla ya kufika mdomoni. Kwa hiyo huchuja mara mbili, kwa chujio la chai, kisha kwa kitambaa.