Sheria ya Dhahabu ilikuwa na vifungu viwili tu

Tarehe 13 Mei 1888 Isabel, binti wa Kaizari Pedro II wa Brazili, akikaimu nafasi ya baba yake, alisaini Sheria ya Dhahabu. Kifungu cha kwanza kilifuta utumwa Brazili; cha pili kilibatilisha sheria zote zinazopingana nacho. Basi! Hakuna shamba, fidia wala shule kwa walioachwa huru.

Na mtego ulishategwa. Tangu 1850 ardhi ya serikali ilipatikana kwa kununua, si kwa kuilima. Sheria ya uchaguzi ya 1881 nayo ikamfungia mlango asiyejua kusoma na kuandika, hadi 1985 ndipo akaruhusiwa kupiga kura.

Hata capoeira, mchezo wa mapigano ulioanzishwa na watumwa wa asili ya Afrika huko Brazili, haikusalimika: kanuni ya adhabu ya 1890 iliifanya jinai, kifungo miezi miwili hadi sita.